Vueni Viatu, Wageni Wanakuja

Mwalimu Bibiana alianza kufundisha mpira wa kikapu kwa sheria za netiboli, kwa sababu ndizo alizozijua. Chuoni alikuwa akicheza nafasi ya kati, na tangu aajiriwe katika shule hii ya msingi ya Gungu hakuna mtu aliyemwonyesha mchezo mwingine wa kurusha mpira kwenye ringi. Kwa hiyo shirika la misaada lilipoleta mipira ya rangi ya chungwa na nguzo mbili za chuma, mwaka ule wa 1997, yeye alilipanga darasa la tano kama alivyopangwa zamani. Ukidaka, simama. Usitembee na mpira. Tafuta mwenzako, mpe, ndipo uhame.

Watoto walisimama kila mmoja mahali pake kama vigingi vya mbuzi. Mpira ulikwenda kutoka mikono hadi mikono, polepole, mpaka ulipomfikia Esther. Huyo aliudunda chini mara moja, akainama, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akafika chini ya ringi na kuurusha. Ukaingia.

"Faulo! Faulo!" darasa zima lilipiga kelele.

"Mwalimu, ametembea!" alisema Dotto, binti mwenye maneno mengi kuliko wote. "Tena siyo kutembea, amekwenda sokoni na kurudi!"

Watoto wakacheka. Bibiana alikuwa na filimbi mdomoni lakini hakuipuliza. Esther alikuwa amesimama chini ya ringi, mpira umebanwa kwapani, uso umemshuka.

"Mwalimu, huu mtu anatembea nao," alisema kwa sauti ndogo. "Akiudunda, anatembea. Akiacha kuudunda, ndiyo anasimama."

Bibiana alifunga kipindi kabla ya kengele. Hakuona haya kusahihishwa na mtoto; jambo hilo aliliona la kawaida katika kazi yake. Aliogopa. Esther hakutakiwa kujua kitu chochote ambacho watoto wa Gungu hawakukijua.

Alikuwa mtoto wa Regina, dada mkubwa wa Bibiana, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa na mfanyabiashara wa Uvira. Vita vilipoingia Uvira, majirani walimpandisha mtoto katika mtumbwi wa injini, na wazazi wakaahidi kufuata. Hawakufuata. Amri ya serikali ilikuwa kwamba wote waliokimbia vita wakae kambini, na mwenyeji asimweke nyumbani mwake bila kibali. Kibali Bibiana hakuomba, maana alijua jibu. Majirani aliwaambia kuwa mtoto ametoka Kasulu, kwa ndugu wa mume wake.

Watoto walipotawanyika, alimwita nyuma ya choo cha walimu.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa masista, mama mdogo. Batoto bote tulikuwa tunacheza."

"Watoto wote."

"Watoto wote."

"Usicheze hivyo tena mbele za watu."

Esther alifikiri kidogo. "Hata kama ndivyo unavyochezwa?"

Bibiana alimwambia arudi kwa wenzake. Alikuwa mwalimu wa namna ile isiyolala vizuri ikiwa imeandika jambo la uongo ubaoni. Jioni ile, jua likiwa bado juu ya paa, alichukua mpira mmoja wa shule mpaka nyumbani, akafunga mlango wa ua, akamwambia: "Haya. Nionyeshe toka mwanzo."

*

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ardhi. Uwanja wa shule ulikuwa mchanga mtupu, mpira ukiudunda unabaki pale pale kama embe lililoanguka. Bibiana aliwaza siku chache, kisha akaamua kuutengeneza uwanja kama watu wanavyotengeneza sakafu ya nyumba. Watoto walileta udongo wa kichuguu katika ndoo na masufuria mabovu, wakaumwaga, wakaulowesha, wakautwanga kwa michi na kwa visigino huku wakiimba. Walipomaliza waliuacha ukauke chini ya majani ya migomba. Ulipofunuliwa ulikuwa mgumu na mwekundu, na mpira ulipodundwa juu yake ulirudi mkononi.

Hapo ndipo walipofundishika. Bibiana aliligawa somo vipande vidogo, na kila kipande alikuwa amekipokea kwa Esther jioni iliyotangulia. Dunda kwa vidole, si kwa kiganja. Kunja magoti. Usiutazame mpira, mtazame mtu. Pasi ya kifua, viwiko karibu na mbavu. Pasi ya kudundisha, ili ipite chini ya mikono ya adui. Mguu mmoja umeganda, mwingine unazunguka. Yeye alieleza, Esther akaonyesha, darasa likafuata. Hata Dotto aliacha kudai faulo.

Pengine Bibiana angekumbuka tahadhari yake kama watoto wasingefurahi kiasi kile. Lakini alikuwa na darasa lililokuwa likifika shuleni mapema kabla ya paredi ili likamate mpira. Mwalimu yeyote angelegea.

Mwalimu mkuu, Nikodemu, aliwatazama kutoka dirishani mwa ofisi yake kwa muda wa wiki nzima. Hakuwa mtu mbaya. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya madarasa mawili mwaka uliopita, naye alikuwa ameomba kila mahali mpaka akaitwa msumbufu. Watoto wa darasa la pili walisomea nje, na mvua ikinyesha walirudi nyumbani. Mambo hayo yalimkera kweli. Siku ya Ijumaa alimwita Bibiana.

"Keti, mwalimu. Yule binti wenu ni wa kule, sivyo?"

"Ni wa Kasulu, mwalimu."

"Mimi nimezaliwa Kasulu." Alitabasamu. "Hakuna anayecheza vile."

Bibiana alitazama mlango.

"Usiogope. Nakuita kwa jambo la heri. Ile mipira haikuletwa kwa ajili yetu sisi. Mradi wao ni wa michezo kwa watoto waliokimbia vita. Niliwaambia tunao wengi hapa. Sasa wageni wakubwa wanakuja kuona, na wakiridhika wataezeka madarasa yote mawili."

"Lakini hatuna wengi."

"Tunaye mmoja. Wengine tutawapata hapa hapa."

"Mwalimu, akijulikana watamchukua."

"Nani atamchukua mbele ya wazungu? Watampenda. Watamlipia mpaka sekondari." Akaanza kupanga kalamu zake mezani. "Mimi sitamwambia mtu yeyote. Lakini ukikataa, na siku moja nikaulizwa, nitalazimika kueleza kwamba ulinidanganya. Unaona ninavyobanwa?"

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayemwomba mwenzake asogee kidogo kwenye benchi.

*

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe, Feliksi, amekaa kizingitini akijikanda mgongo. Feliksi alikuwa kuli bandarini. Kazi yake mwaka ule ilikuwa kushusha magunia ya mahindi ya msaada kutoka kwenye mabehewa na kuyapakia kwenye malori ya kambini.

"Mwalimu mkuu alipita hapa mchana," alisema kabla mkewe hajaweka mkoba.

"Alikuja kwako kabla ya kuniita mimi?"

"Mimi ndiye baba wa nyumba hii." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Ghala la shirika linahitaji mlinzi. Kukaa kwenye kiti, Bibiana. Na koti la mvua wanatoa. Amesema jina langu litakuwa la kwanza."

"Kwa sharti gani?"

"Niseme maneno mawili siku ya wageni. Kwamba mimi ni mlezi."

"Si ndiyo kweli?"

Feliksi aliangalia kucha zake. "Anataka niseme tulimwokota. Pale ufukweni Kibirizi. Anasema ukisema ni mtoto wa shemeji, wazungu hawatashangaa. Kila mtu hulea mtoto wa shemeji."

Bibiana aliketi. Uani kulikuwa na sauti ya Esther akisugua sufuria kwa mchanga.

"Ni mtoto wa dada yangu, Feliksi."

"Nani amekataa? Ni maneno tu, yatasemwa yataisha. Wewe sikiliza: nabeba mahindi ya wakimbizi mpaka mgongo umepinda, halafu nakuja nyumbani kumlisha mkimbizi kwa unga ninaonunua mwenyewe. Je, hata punje moja ya yale mahindi ninayoyabeba ilishawahi kunifaa? Sasa mara moja tu jambo hili linatuletea kitu, wewe unataka kulitupa."

"Mtoto atasikia."

"Mtoto ana akili. Ataelewa."

Ndipo Bibiana alipotambua kwamba uani hakuna tena sauti ya sufuria kusuguliwa. Kisha ikaanza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Usiku huo walikula ugali wa muhogo na mgebuka. Feliksi alimtengea Esther kichwa cha samaki, sehemu anayopewa mgeni wa heshima, na Esther alikila chote na kushukuru.

*

Siku ya wageni, mwalimu Nikodemu aliwapanga darasa la tano mbele ya ofisi saa mbili asubuhi.

"Vueni viatu," alisema.

Watoto wachache tu walikuwa na viatu, na wengi wao walikuwa wamevipaka mafuta ya mawese ili ving'ae kwa ajili ya siku hiyo. Walivivua. Mwalimu mkuu alipita mstarini akiwatazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua kuku.

"Wewe shati limenyooka mno, kabadilishane na Castory. Wewe umenenepa, nenda kwaya. Wewe ndiyo. Wewe ndiyo. Wewe usicheke cheke, mkimbizi hacheki hivyo."

"Mwalimu, mimi nimekimbia kutoka wapi?" aliuliza Dotto.

"Bujumbura."

"Kwa miguu?"

"Nyamaza."

"Basi nijipake vumbi, mwalimu, maana ni mbali!"

Wenzake wakacheka, naye Dotto akachota vumbi kweli, akajipaka miguuni mpaka magotini, kisha akawapaka wengine. Waliona ni mchezo mzuri. Mwalimu mkuu aliangalia, akasema, "Inatosha, msizidishe." Bibiana alikuwa amesimama na filimbi yake shingoni. Hakuipuliza. Esther peke yake hakuguswa. Hakuhitaji kupakwa chochote. Aliambiwa tu abaki kama alivyo.

Wageni walifika na magari meupe. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana, mkalimani wake, na watu wa serikali waliokaa viti vya mbele, miongoni mwao Bwana Hamdani, Afisa Mtendaji wa Kata. Watoto walicheza vizuri. Hilo lazima lisemwe. Walidunda, wakapitana, wakapeana pasi za kifua na za kudundisha, na mama wa kofia akapiga makofi hadi mikono ikawa myekundu. Kwa muda ule mfupi Bibiana alisahau. Aliona tu darasa lililofundishwa likafundishika.

Kisha mchezo ukasimamishwa, na Feliksi akaitwa kwenye kipaza sauti. Alikuwa amevaa shati la kuazima, limembana mabegani.

"Mimi na mke wangu," alisema, akakohoa, "tulimwokota mtoto huyu ufukweni. Kibirizi. Alikuwa amelala kwenye mchanga kati ya dagaa. Hatumjui baba yake, hatumjui mama yake. Tulisema, huyu naye ni mtu."

Mkalimani alitafsiri. Mama wa kofia alitoa leso. Mwalimu Nikodemu akamvuta Esther mbele kwa bega.

"Mgeni anauliza," alisema mkalimani, "je, una ndugu yeyote hapa duniani?"

Esther aligeuka. Bibiana alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na wote wawili walikuwa na macho yale yale ya mama yake Bibiana, bibi wa Esther, ambayo mtu yeyote aliyetazama kwa makini angeyaona. Mwalimu mkuu aliinama na kumnong'oneza mtoto sikioni.

"Sina," alisema Esther.

Watu wakapiga makofi. Bibiana hakuelewa kwa nini mtu ampigie makofi mtoto aliyekosa ndugu, lakini viganja vyake mwenyewe, alipovitazama, vilikuwa vimekutanishwa kifuani, tayari kupiga.

*

Lori lilisimama nje ya nyumba yao wiki iliyofuata, asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Ndani mwake kulikuwa na watu wameketi juu ya mizigo yao, wanawake wengi, na mzee mmoja amekumbatia cherehani. Bwana Hamdani alishuka na askari wawili. Alibisha hodi vizuri, akavua kofia.

"Shikamoo," Esther alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Feliksi. "Bwana Feliksi, poleni kwa asubuhi. Nimekuja kumchukua mtoto apelekwe kambini, kwa utaratibu."

"Mtoto?" Feliksi alisimama. "Aa, mzee, huyu ni ndugu. Ni mtoto wa shemeji yangu kabisa."

"Ulisema mlimwokota."

"Yale yalikuwa maneno ya sherehe."

"Nilikaa kiti cha mbele, Bwana Feliksi. Nilisikia, na mkuu wangu alisikia, na aliniuliza kwa nini kata yangu ina wakimbizi na mimi sina habari." Hamdani hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka, na viatu vyake vilikuwa na matope ya mitaa mingine. "Mama yake ni nani?"

"Ni dada yangu," alisema Bibiana. "Mzaliwa wa hapa hapa."

"Na baba?"

Feliksi aliangalia upande wa ziwa.

"Mtoto hufuata baba, mwalimu. Sasa nisaidieni niwasaidie. Kama mlimwokota, mlifanya wema, anakwenda kambini na habari imekwisha. Kama ni ndugu yenu na mlimficha mkijua, hilo ni kosa. Mumeo atakwenda kituoni, na wewe, mwalimu, ni mtumishi wa serikali. Kazi hutakuwa nayo. Siwatishi. Nawaambieni yalivyo, ili mchague wenyewe."

Feliksi alirudi nyuma hatua moja, akaegemea ukuta.

"Mwalimu," alisema Hamdani, "nakuuliza mara moja tu na nitaandika utakachosema. Huyu mtoto ni wako?"

Bibiana alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, halikuhitaji kutafutwa. Lakini kabla halijatoka aliiona chaki, akaiona kodi ya nyumba, akamwona Feliksi kwenye benchi la kituo na mgongo wake mbovu, akawaona watoto wa darasa la tano wakimsubiri. Vitu hivyo vilipita kimoja kimoja bila haraka, naye akavipisha. Askari mmoja alipiga chafya. Jikoni uji ulichemka ukamwagika motoni.

"Waliniokota," alisema Esther.

Hamdani alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akaandika.

Esther hakuwa na mzigo mkubwa. Alifunga nguo zake katika kitenge, akavaa ndala. Mlangoni alisimama, akainamisha kichwa mbele yao wote wawili kama mgeni anayeaga nyumba aliyolala siku moja.

"Asanteni kwa kunitunza," alisema, kwa Kiswahili safi cha Gungu, kisicho na kosa hata moja.

Askari alimnyanyua, na mzee mwenye cherehani akamsogezea nafasi.

*

"Mungu ambariki yule mtoto," alisema Feliksi lori lilipokata kona. "Ametuokoa. Nilikwambia ana akili." Alijimiminia uji uliobaki, akapuliza, akanywa. Alimaliza wote.

Bibiana alikuwa amesimama palepale. Alikuwa akirudia kichwani kile kilichotokea, kwa mpangilio, kama alivyozoea kufanya kila jambo. Mtoto alisema aliokotwa. Na wakati ule ule, kabla ya huzuni, kabla ya haya, yeye Bibiana alishusha pumzi. Kifua kilifunguka, mabega yakalegea. Alifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, lakini ilitangulia mengine yote.

Alikwenda nyuma ya nyumba, akainama kwenye migomba, akatia vidole kooni. Hakuna kilichotoka. Alinawa uso, akaenda kazini.

Mwalimu Nikodemu alimpokea langoni kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwalimu. Nimesikia. Hata mimi moyo umeniuma, sikutegemea kabisa." Akamshika kiwiko, akashusha sauti. "Lakini mabati yamekubaliwa. Barua imekuja jana. Na wale wageni wanarudi na wenzao, wanataka sana kumwona yule binti. Sasa nawaza... Pale Rusimbi nasikia kuna familia za Warundi. Tungepata mmoja tu, ukamfundisha kama ulivyofundisha hawa. Wewe una kipaji."

Bibiana alimtazama mdomoni, jinsi ulivyokuwa ukifunguka na kufungika. Aliona mabaki ya chai katika masharubu yake. Aliona kwamba mtu huyu amelala vizuri, na kwamba atalala vizuri tena. Alitaka kumchukia, na chuki ingemsaidia, lakini kila alipoitafuta alikuta imekwisha kugawanywa, na fungu kubwa zaidi ni lake mwenyewe.

"Darasa la tano wanakusubiri uwanjani," alisema mwalimu mkuu.

Alimpita. Alipita na uwanja wenyewe, ambapo Dotto alimwita, "Mwalimu! Mwalimu, Esther yuko wapi?" na hakugeuka. Alitoka kwa lango la nyuma, akashika barabara mpaka ofisi ya kata.

Watu walikuwa wamepanga foleni mbele ya dirisha la Hamdani: mwenye kesi ya mbuzi, mwenye kutaka muhuri, mama mwenye mtoto mgongoni. Bibiana hakupanga. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Ee, mwalimu," alisema Hamdani. "Kipindi kimekwisha mapema?"

"Nimekuja kujibu swali lako. Yule mtoto ni wangu. Ni wa dada yangu, tumbo moja. Nilijua na nilimficha."

Hamdani aliweka kalamu chini. Aliangalia foleni, akamwangalia yeye. Usoni mwake palikuwa na huruma, ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomtisha Bibiana.

"Lori limekwisha vuka mpaka wa wilaya," alisema polepole. "Ukiyasema hayo, mtoto harudi. Wewe unapoteza kazi, mumeo anakwenda ndani, na mimi naulizwa kwa nini niliandika uongo. Nani amefaidika? Rudi shuleni."

"Andika."

"Sikukusikia, mwalimu."

"Nimesema andika!"

"Na mimi nimesema sikusikia. Nakusaidia. Siku moja utanishukuru."

Watu wa foleni walisogea karibu. Mama mwenye mtoto mgongoni alimgusa Bibiana begani, kwa wema, kama mtu anavyomgusa mgonjwa. Bibiana alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili na kusema tena, kwa sauti ile aliyoitumia kuwafikia watoto wa mwisho wa uwanja, sauti iliyosikika mpaka barabarani na kuwafanya waendesha baiskeli wageuke:

"Ni mtoto wa dada yangu!"

Hamdani alichungulia juu ya bega la Bibiana.

"Anayefuata," alisema.